Soga na Visa vya Mzaha Miongoni mwa Wakulima wa Ayalandi: Ruhusa ya Kucheka na Mipaka Yake

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi simulizi ya Kiswahili, soga imepewa nafasi finyu. Ngano, tendi, methali na nyimbo zimekusanywa na kuhakikiwa kwa miaka mingi, ilhali maongezi ya barazani na visa vya kuchekesha vinavyozaliwa humo huonekana kuwa ni mambo ya kupitishia wakati tu. Wako wataalamu wanaoihesabu soga kuwa ni kipera cha hadithi fupi za kuchekesha. Wako pia wanaoiona kuwa ni mazungumzo ya kawaida yasiyostahili kuitwa sanaa. Mjadala huo hauwezi kuamuliwa kwa kutazama matini pekee. Unahitaji jamii ambayo soga zake zimeandikwa pamoja na mazingira yake: nani aliketi wapi, nani alimcheka nani, na nini kilifuata baadaye.

Wakulima wa Ayalandi ni jamii ya namna hiyo. Tume ya Fasihi Simulizi ya Ayalandi ilifanya kazi ya ukusanyaji tangu mwaka 1935 hadi 1971, na kati ya mwaka 1937 na 1939 watoto zaidi ya 50,000 wa shule za msingi walitumwa kuwahoji wazee wa vijijini mwao. Hazina hiyo, inayohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dublin (University College Dublin), iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2017. Pamoja na hayo, wanaanthropolojia na wanafasihi kutoka nje waliishi vijijini wakasikiliza watu wakiongea bila kuwaomba wasimulie hadithi. Kwa hiyo, mtafiti anaweza kuiona soga ikiwa katika makazi yake.

Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba, kwa wakulima hawa, mzaha ni njia yenye kanuni ya kuyagusa mambo yasiyosemeka waziwazi, yaani fedha, ardhi, maradhi na upweke. Aidha, ruhusa ya kuutumia mzaha huo haimo katika maneno yenyewe. Imo katika mahali na katika watu waliokaa pamoja. Hoja hiyo ikikubalika, ina athari kubwa kwa yeyote anayekusanya soga, za Kiswahili zikiwamo.

2.0 Mahali pa soga

Lugha ya Kiayalandi ina msamiati mpana wa kutaja matembezi ya jioni nyumbani kwa jirani. Katika baadhi ya sehemu za kusini na magharibi matembezi hayo huitwa cuaird au bothántaíocht. Kwingineko huitwa airneán, yaani kukesha kwa maongezi. Neno céilí, ambalo siku hizi hutumika duniani kote kumaanisha dansi ya Kiayalandi, asili yake ni matembezi hayohayo ya kwenda kuongea. Wingi wa maneno ni ushahidi kwamba jambo lenyewe lilikuwa na uzito katika maisha ya watu.

Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Conrad Arensberg, aliyefanya utafiti katika Kaunti ya Clare miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1937, alieleza jinsi wazee wa kijiji kimoja walivyokutana jioni katika nyumba ileile, kila mmoja akiwa na nafasi yake karibu na moto. Walikuwa wamepeana vyeo vya mzaha. Mmoja aliitwa jaji, mwingine seneta, mwingine mwendesha mashtaka, na alikuwapo pia mwenye kazi ya kuibua mada ili wenzake waijadili. Vyeo hivyo vilikuwa vya kuchekesha, lakini kazi yake ilikuwa ya kweli, kwani humo ndimo yalimozungumzwa majira ya kupanda, bei ya mifugo na mienendo ya majirani. Vijana hawakuketi humo. Walikuwa na nyumba zao za kuchezea karata.

Mtafiti mwingine, Henry Glassie, alianza utafiti wake mwaka 1972 huko Ballymenone, Kaunti ya Fermanagh, Ayalandi ya Kaskazini, wakati machafuko ya kisiasa yalipokuwa makali. Katika kitabu chake cha mwaka 1982 alionyesha kwamba wanajamii wenyewe walikuwa na istilahi za kuainisha uneni wao. Jibu fupi la werevu linalomalizia mazungumzo liliitwa "bid", na kisa kirefu cha kuchekesha kiliitwa "pant". Jioni ilianza kwa ukimya, ikaingia katika mazungumzo ya kawaida, ikapanda hadi kwenye craic, na mara chache ikafikia hadithi kamili.

Neno craic lenyewe lina historia ya kuvutia. Liliingia katika Kiingereza cha Ayalandi kutoka Kiskoti na Kiingereza cha kaskazini, likaandikwa kwa tahajia ya Kiayalandi, kisha likarudi katika Kiingereza kwa sura hiyo mpya na kuchukuliwa na wengi kuwa ni neno la kale la Kiayalandi. Maana yake si kicheko peke yake. Ni ile hali ya kundi kufurahi kwa maneno, ambapo kila aliyepo ana sehemu yake.

Zaidi ya nyumbani, soga ilikuwa na vituo vingine. Kulikuwa na meitheal, yaani ushirika wa majirani kusaidiana kazi za mavuno kwa zamu, mfano wa msaragambo. Kulikuwa na gulio la mifugo lililofanyika katika barabara za miji midogo. Kulikuwa pia na kituo cha maziwa cha ushirika, ambacho cha kwanza kilifunguliwa Drumcollogher, Kaunti ya Limerick, mwaka 1889. Kila asubuhi mkulima alipeleka maziwa yake kwa mkokoteni wa punda, na baadaye kwa trekta, akasubiri zamu. Foleni hiyo ilikuwa baraza.

3.0 Salamu, mvua na lugha ya kupunguza

Soga huanza kwa salamu. Anayempita mtu akifanya kazi shambani, kwa desturi ya wasemaji wa Kiayalandi, humwambia "Bail ó Dhia ar an obair", maana yake baraka ya Mungu iwe juu ya kazi hiyo. Msemaji wa Kiswahili hatapata shida kuielewa salamu hiyo, kwani naye husema "Pole na kazi" au "Hongera kwa kazi". Katika lugha zote mbili, kumpita mtu anayetoka jasho bila kumtamkia neno ni utovu wa adabu.

Baada ya salamu hufuata hali ya hewa. Bronislaw Malinowski, mwaka 1923, alieleza kuwa kuna uneni ambao lengo lake ni kuunganisha watu tu, wala si kupashana habari, na mazungumzo kuhusu hali ya hewa hutolewa mara nyingi kuwa mfano wake. Hata hivyo, mfano huo unahitaji kurekebishwa unapomhusu mkulima wa Ayalandi. Nchi hiyo hupata mvua karibu majira yote, na majani ya kulishia mifugo wakati wa baridi huhitaji siku kadhaa za ukavu ili yakatwe na kukaushwa. Anayesema kwamba kesho huenda kukakauka anaunganisha watu, na papo hapo anatoa habari yenye thamani ya fedha. Huenda pia anauliza, bila kuuliza, iwapo jirani ataweza kuja kumsaidia.

Jambo la tatu ni mazoea ya kupunguza. Mkulima akiulizwa habari za ng'ombe wake, hata wakiwa wamenona, hujibu kuwa si wabaya sana. Akiulizwa habari za mguu aliovunjika, hujibu vivyo hivyo. Kujisifu huamsha husuda na huonekana kuwa ni kukaribisha balaa. Kulalamika nako ni kukiri kwamba mtu ana shida. Ukanushi humwezesha msemaji kupita katikati. Mwanafunzi wa Kiswahili atakumbuka kuwa salamu mashuhuri kuliko zote katika lugha hii nayo imejengwa juu ya ukanushi: "hujambo" na "sijambo" humaanisha kutokuwa na jambo. Anayejibu hivyo hasemi kwamba ana heri, husema tu kwamba hana shari. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili ukanushi huo umeganda ukawa fomula, ilhali kwa mkulima wa Ayalandi ungali ni chaguo, na msikilizaji hodari hupima sauti na kimya kilichotangulia ili ajue "si mbaya" hiyo ni ya aina gani.

4.0 Muundo wa kisa cha mzaha

Visa vya mzaha vya wakulima hawa ni vifupi, vina wahusika wawili, na mwisho wake ni kauli ya mmoja wao. Kisa kimoja maarufu chamhusu mgeni aliyepotea njia. Anasimamisha gari, anamkuta mkulima ameegemea lango la shamba, na kumwuliza njia ya kwenda Dublin. Mkulima anafikiri kwa muda mrefu, kisha anajibu kuwa lau yeye ndiye angekuwa anakwenda Dublin, asingeanzia hapa.

Kisa kingine chamhusu tajiri wa Texas anayemtembelea mkulima mwenye eneo dogo. Tajiri anajisifu kwamba huko kwao akipanda gari asubuhi na kuendesha mchana kutwa, jioni humkuta bado hajafika mwisho wa shamba lake. Mkulima anatikisa kichwa kwa huruma na kusema kuwa hata yeye aliwahi kuwa na gari kama hilo. Cha tatu chawahusu watu wa Kaunti ya Kerry, ambao husemwa kuwa hujibu swali kwa swali. Mgeni anamwuliza mmoja wao iwapo hayo ni kweli. Naye anajibu: "Nani kakwambia?"

Visa vya aina hii husimuliwa katika nchi nyingine pia, kwa hiyo u-Ayalandi wake haumo katika fabula. Umo katika namna vinavyotumika. Kwa mujibu wa H. P. Grice (1975), mazungumzo huongozwa na kaida za ushirikiano, miongoni mwake ikiwa ni kutoa habari inayotosha na inayohusiana na kilichoulizwa. Mkulima katika kila kisa huivunja kaida huku akijifanya anaitii. Anajibu swali, ila jibu lake halimsaidii muulizaji. Anamhurumia tajiri, ila huruma yake inakifuta kiburi cha tajiri. Mwenye gari, mwenye ardhi na mwenye maswali wote hushindwa na mtu asiyekuwa na chochote isipokuwa ulimi.

Hapa ndipo swali la msimuliaji linapoibuka. Kisa cha njia ya Dublin kikisimuliwa na mtu wa nje, anayechekwa ni mkulima mjinga. Kikisimuliwa na mkulima kwa wakulima wenzake, anayechekwa ni mgeni aliyedhani amekutana na mjinga. Hakuna hata neno moja lililobadilika, na maana imegeuka. Basi mhakiki anayehifadhi matini na kuacha jina la kundi lililocheka amehifadhi nusu tu ya kisa.

5.0 Mzaha wa gulioni

Mahali ambapo mzaha ulifanya kazi nzito zaidi ni gulioni. Hadi katikati ya karne ya ishirini, ng'ombe waliuzwa barabarani, mtu kwa mtu. Muuzaji alitaja bei, mnunuzi akacheka, akamkosoa mnyama na kuondoka kwa hasira za kuigiza. Kisha akaingia mtu wa tatu, dalali wa hiari au wa malipo, akamrudisha mnunuzi kwa kumvuta mkono, akapendekeza wagawane tofauti iliyobaki, na hatimaye akaigonganisha mikono ya pande mbili. Muuzaji alimrudishia mnunuzi kiasi kidogo cha fedha kiwe cha bahati.

Kiisimujamii, tamthilia hiyo ina mantiki. Penelope Brown na Stephen Levinson wameonyesha kuwa wasemaji hujitahidi kuilinda hadhi, au uso, wa wale wanaosema nao. Kumwambia jirani kwamba bei yake ni ya udanganyifu ni kumvunjia uso. Kumwambia kuwa ng'ombe wake anaonekana kama aliyelishwa magazeti ni kumtukana ng'ombe, na mwenye ng'ombe anaweza kucheka pamoja na wengine. Mzaha uliwawezesha watu kugombea fedha hadharani mchana, na jioni wakaketi kwenye moto mmoja.

6.0 Je, huu ni utani?

Msikilizaji wa Afrika Mashariki atauliza iwapo desturi hii ni utani. Swali hilo ni la haki, kwa sababu utani umechangia nadharia ya dunia. A. R. Radcliffe-Brown alichapisha makala yake kuhusu mahusiano ya kutaniana mwaka 1940, na mwaka 1944 R. E. Moreau alieleza mahusiano ya namna hiyo katika Tanganyika. Radcliffe-Brown aliuona utani kuwa ni mchanganyiko wa urafiki na uadui, ambamo mtu huruhusiwa kumkejeli mwenzake, na mwenzake hutakiwa asikasirike.

Mfanano upo, na hudhihirika zaidi msibani. Watani wa Tanzania hujitokeza mazikoni wakamwigiza marehemu, wakazuia shughuli na kudai malipo, na wafiwa hucheka katikati ya kilio. Huko Ayalandi, Seán Ó Súilleabháin alikusanya ushahidi mwingi wa michezo na mizaha iliyofanywa usiku wa kukesha na maiti, kiasi cha kujaza kitabu kizima. Maaskofu waliipiga marufuku mara kwa mara tangu karne ya kumi na saba, jambo linaloonyesha kwamba marufuku hayo hayakutiiwa upesi.

Hata hivyo, kuna tofauti ya msingi. Katika utani, ruhusa hutangulia maneno. Mzaramo na Mnyamwezi waliokutana leo kwa mara ya kwanza ni watani tayari, na babu na mjukuu ni watani kabla mjukuu hajajua kusema. Mkulima wa Ayalandi hana mtani aliyerithi. Ruhusa yake hujengwa kwa kuketi pamoja usiku baada ya usiku, na huweza kupotea. Ndiyo maana desturi humtaka msimuliaji ajicheke mwenyewe kwanza kabla ya kumcheka jirani. Ndiyo maana pia mzaha unaogusa mpaka wa shamba huepukwa na wenye busara, kwani ugomvi wa ardhi unaweza kuwanyamazisha majirani kwa miaka. Methali ya Kiswahili yasema: "Mzaha mzaha, hutumbuka usaha." Utani una uzio wa kuzuia usaha huo, lakini soga ya Ayalandi haina uzio ila ujirani wenyewe.

7.0 Mzaha uliotolewa nje

Kinachotokea ruhusa hiyo inapokosekana kilidhihirika mwaka 1942. Katika bonde la Gougane Barra, Kaunti ya Cork, aliishi mshonaji mlemavu wa mguu aliyeitwa Tadhg Ó Buachalla pamoja na mkewe, aliyejulikana kwa jina la Ansty. Walikuwa na ng'ombe mmoja, na nyumba yao ilijaa wageni kila jioni. Mwandishi Eric Cross aliyasikiliza maongezi hayo kwa muda mrefu akayachapisha katika kitabu kinachoitwa The Tailor and Ansty. Maongezi yalikuwa ya wazi kuhusu mifugo, ndoa na miili ya watu, kama yalivyo maongezi ya watu wanaozalisha ng'ombe.

Kitabu kilipigwa marufuku mwaka huohuo kwa sababu ya maadili. Seneti ya Ayalandi ilijadili suala hilo kwa siku kadhaa, na seneta mmoja aliposoma vifungu vya kitabu ili kukitetea, vifungu hivyo viliondolewa katika taarifa rasmi. Wazee wale wawili walitengwa na baadhi ya majirani. Mapadri watatu walifika nyumbani kwao wakamlazimisha mzee kupiga magoti na kuitia nakala yake motoni, katika moto uleule ambao soga zilisimuliwa kando yake. Mzee alifariki mwaka 1945, na mkewe mwaka 1947. Marufuku iliondolewa mwaka 1963, walipokuwa wamekwisha kuzikwa.

Ni rahisi kuisoma habari hii kama mgongano wa sanaa na udhibiti, na hivyo ndivyo ilivyo. Lakini kwa mwanaisimu kuna funzo la ziada. Maneno yaliyochapishwa yalikuwa yametamkwa miaka mingi mbele ya majirani, na nyumba ilibaki imejaa. Uchapishaji haukuyabadilisha maneno. Uliwabadilisha wasikilizaji, na wasikilizaji wapya hawakuwa wametoa ruhusa. Adhabu nayo haikumwangukia mwandishi bali waliotoa maneno.

8.0 Mabadiliko ya karne

Vituo vya soga vimepungua kimoja baada ya kingine. Kuanzia miaka ya 1950, minada ya mifugo yenye majengo na mnadi ilichukua nafasi ya magulio ya barabarani, na mapatano ya mikono yakapungua. Malori yenye matangi yalipoanza kufuata maziwa shambani, foleni ya asubuhi ikatoweka. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, minada ilifungiwa umma na ununuzi kwa njia ya intaneti ukaenea. Mkulima akaweza kuuza ng'ombe bila kumwona mtu.

Sensa ya kilimo ya mwaka 2020 ilihesabu mashamba 135,037 katika Jamhuri ya Ayalandi. Theluthi moja ya wenye mashamba hayo walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi, na karibu asilimia 7 tu walikuwa chini ya miaka 35. Takwimu hizi zina maana ya kiisimu. Mzee anayefanya kazi peke yake amepoteza watu wa kuongea nao, na pamoja nao amepoteza njia iliyokubalika ya kudokeza kuwa mambo si mazuri. Yule ambaye "si mbaya sana" yake ilisikilizwa na watu kumi waliomjua tangu utoto, leo huenda akaulizwa hali na mgeni anayejaza fomu. Mgeni huyo ataandika kwamba hana tatizo.

Jamii yenyewe imelitambua pengo hilo. Tangu mwaka 2011, chama cha kitaifa kimekuwa kikiratibu karakana za wanaume, ambamo watu hukutana kutengeneza vitu vya mbao na kunywa chai. Kazi ya mikono ni kisingizio chenye heshima. Soga ndiyo shughuli. Mpangilio huo unafuata mantiki ileile ya foleni ya maziwa, kwani mwanamume wa shamba haendi mahali ili aongee, huenda kufanya kazi akaongea.

9.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba soga ya wakulima wa Ayalandi ina mahali pake, vyeo vyake, istilahi zake na mipaka yake. Kwa sababu hiyo inastahili kuchunguzwa kwa makini yaleyale yanayotumika kwa tanzu nyingine za fasihi simulizi. Umeonyesha pia kwamba maana ya kisa hutegemea nani anacheka, na kwamba ruhusa ya kucheka hutolewa na kundi, wala haisafiri pamoja na karatasi.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili wanaokwenda vijijini na mitaani wakiwa na vinasa sauti, hitimisho la kiutendaji ni hili. Haitoshi kuandika kisa na jina la msimuliaji. Inafaa kuandikwa waliokuwapo, uhusiano wao, kilichotangulia kisa na kilichokifuata. Vilevile, haitoshi kumwomba idhini msimuliaji peke yake. Baraza nalo lina haki ya kuulizwa, kwa sababu baraza ndilo lililompa ruhusa ya kusema, na mtafiti atakapokuwa ameondoka na daftari lake, ni humo barazani ambamo msimuliaji ataendelea kuishi.